Sadaka Iliyogeuka Kimea

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu alipoanika kimea cha wimbi uani huku sisi watoto wake tukiwa hatujatia kitu tumboni tangu jana yake. Kama hujawahi kuona kimea, ni nafaka iliyoloweshwa mpaka ikachipua, kisha ikakaushwa juani, na kwetu Nyamira siku zile kilikuwa na kazi moja kubwa: kupikia pombe. Majirani waliopita njiani waliitazama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa kimea, wakamtazama mama, wakaenda zao bila kusalimu vizuri. Kila mtu alijua kwamba wimbi lile lilinunuliwa kwa pesa za sadaka.

Nikueleze tulivyofika hapo. Baba yangu alikufa kwa homa akiwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, wakati wa ile vita kuu ya pili. Mama akabaki na sisi wanne na shamba la wimbi mteremkoni. Akiba ya ghalani ilipoisha, akaanza kwenda kulima kwa watu ili jioni apewe unga wa kutupikia. Hapo ndipo shida ilipokaza. Wimbi likiwa changa linataka kupaliliwa mapema, tena kwa macho makali, kwa kuwa lina gugu lake linalofanana nalo kiasi kwamba mgeni hung'oa wimbi akaacha gugu. Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Mama alipalilia la wengine ili tule leo, na la kwake likazidi kumezwa na majani. Kikundi cha wanawake waliokuwa wakilimiana kwa zamu kilikuwa kimeshamwacha, maana hakuwa na siku ya kuwarudishia.

Ilibaki njia moja, risaga, yaani kuwaita majirani wote waje kulima kwa siku moja. Lakini risaga siku hizo haikuitwa na mtu asiye na mtungi wa pombe wa kuwakaribisha watu wakimaliza kazi. Mtungi hutoka kwenye wimbi, na wimbi ndilo tulilokosa.

Baba mdogo wangu, Ogeto, hakuwa mtu mbaya. Alitusaidia alivyoweza, naye alikuwa na nyumba yake ya kulisha. Hatimaye aliona tiba ya shida yetu ni mimi. Kulikuwa na mzee mmoja ng'ambo ya mto aliyekuwa tayari kuleta ng'ombe anioe, ingawa matiti yangu yalikuwa hayajajaa. Mama hakubishana naye. Alimwomba tu asubiri mavuno, wakakubaliana hivi: shamba likitoa wimbi la kutosha, mimi Kerubo nibaki nyumbani, lisipotoa, ng'ombe waje.

Sasa, mjini Kisii kulikuwa na mama mmoja Mwislamu mwenye duka, Bi. Zena, ambaye mama alikuwa akimuuzia mayai tangu baba akiwa hai. Siku mama alipompelekea kuku wa mwisho, Bi. Zena alimwuliza mbona amekonda na mayai yamekwenda wapi. Mama hakujua Kiswahili kingi. Alieleza kwa maneno machache na kwa mikono. Bi. Zena akafungua pindo la kanga yake, akamtilia pesa kiganjani na kumkunja vidole juu yake. Kuku akamrudishia. Mama akauliza anunue nini.

"Mimi sijui nyumbani kwako kumepungua nini," Bi. Zena akamwambia. "Wewe ndiye unayelala humo."

Mama akarudi na wimbi, na unga kidogo wa kutushikilia. Unga uliisha upesi. Wimbi akalilowesha. Nilipoona limeanza kuchipua nililia, nikamwomba atupikie uji hata wa bakuli moja. Alinijibu bila kuacha kazi: "Tukilila sisi, limekwisha. Wakilinywa wao, shamba linabaki."

Jioni ya siku ile ya kuanika, baba mdogo alikuja na mzee mmoja wa kanisa. Walikaa, wakasema kwa upole kwanza. Walisema mjane akipewa pesa mkononi hupotea, kwamba afadhali zingepita kwa wanaume zikanunua unga na blanketi, na kwamba hata mwenye kutoa angeaibika akisikia sadaka yake imekuwa pombe. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia baba mdogo kwamba risaga ni wiki ijayo, pombe ikiiva, na asisahau jembe.

Watu walikuja, mwanangu. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kwa kiu, na wimbi halikuuliza nani amekujia nini. Wanawake wazee walitangulia mbele kuonyesha gugu ni lipi, vijana wakafuata, na nyimbo zikawa zinapanda mteremko pamoja nao. Kabla jua halijateremka, shamba lote lilikuwa linaonekana udongo wake tena. Mtungi ukatolewa, maji ya moto yakamiminwa, wazee wakaingiza mirija. Wa kwanza kushika mrija alikuwa baba mdogo.

Hata hivyo jambo lile liliendelea kumwasha. Siku ya soko alinitwisha ndizi twende Kisii, na baada ya kuuza akanipeleka mpaka dukani kwa Bi. Zena. Akasema amekuja kwa ajili ya jina la ukoo. Akaeleza kwamba shemeji yake ameigeuza sadaka ile kuwa pombe, na kwamba siku nyingine msaada uwe wa unga, upitie kwake.

Bi. Zena alimaliza kumpimia mteja sukari kwanza.

"Pombe siitaki," akasema, "na hilo nitamwambia mwenyewe akija. Shamba limepaliliwa?"

"Limepaliliwa."

"Lote?"

"Lote."

"Na wewe, mzee wangu, ulikuwepo?"

Baba mdogo akatazama mifuko ya chumvi. Nikasema mimi, kwa Kiswahili changu cha shule, kwamba alikuwepo na alilima vizuri sana. Bi. Zena akacheka mpaka akashika meza.

"Unga ninao," akasema alipotulia. "Umejaa hapa nyuma, ungenitoka bila hasara kubwa. Nilimpa pesa kwa sababu shida ya nyumba yake anaijua yeye. Ningemchagulia mimi, ningekosea."



Mvua ilikuwa njema mwaka huo. Wimbi lilipokatwa na kukaushwa, baba mdogo alikuja peke yake, akapanda akachungulia ghalani, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Aliuacha humo kwa muda. Kisha akashuka, akachukua fimbo yake, akavuka mto mwenyewe kwenda kumwambia yule mzee atafute msichana kwingine. Mama aliendelea kupepeta. Mimi nilirudi shule, na ninachokiandika hapa ni matunda yake.

Mwanangu, siku hizi nasikia watu wenye elimu wakibishana kama maskini apewe pesa au apewe vitu. Nami nimesoma nilivyoweza, na bado ninamwona mama na kimea chake. Ukitaka kumsaidia mtu, mtilie mkononi kisha uondoe mkono wako. Usiifuate pesa hiyo nyumbani kwake kuona amenunua nini, maana yeye ameifikiria njaa yake usiku na mchana, na wewe umeifikiria kwa muda wa kufungua pindo la kanga. Anaweza kununua kitu kitakachokuudhi. Uliza shamba limepaliliwa au la. Na ikiwa wewe ndiye unayepewa, pokea bila kuinamisha kichwa, ufanye lile unalolijua, hata majirani wakipita bila kukusalimu.

Mungu akujalie ghala linalokaa na kitu, na majirani wanaoitika ukiwaita. Akujalie pia moyo wa yule mama wa dukani, uweze kutoa na kuachia.