Kompyuta Ndani ya Gunia la Mkaa

Wakati wa vita kila nyumba ya mtaa wetu wa Nyalukemba ilikuwa na maficho yake. Risasi zikianza kulia upande wa mlimani, sahani za harusi zinapanda darini, redio inazama kwenye maharagwe, na sisi tunalala sakafuni tumepangana kama samaki sokoni. Siku ile mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuficha kompyuta ya dada yangu mkubwa. Niliitumbukiza ndani ya gunia la mkaa, nikaifunika, nikajisifu. Waporaji walipita, wakachukua hata sufuria ya sombe, yale majani ya mihogo, ikiwa motoni. Gunia hawakuligusa.

Asubuhi na mapema niliitoa, nikaipangusa nje mpaka ikang'aa. Ndani sikuangalia. Umeme uliporudi, dada akabonyeza kitufe, tukasikia “pa!” na harufu ya kuungua. Vumbi la mkaa lilikuwa limejaa kila tundu. Nikasema labda ni umeme. Mungu anisamehe, umeme wetu ulikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba hakuna aliyebisha.

Ndani yake mlikuwa na mémoire ya dada, kazi ya kumalizia chuo kikuu, kurasa tisini kuhusu bei ya mihogo. Disketi ya akiba ilikuwa imeota ukungu. Alitakiwa kuiwasilisha Ijumaa, la sivyo angojee mwaka mwingine, na siku zile nani aliyethubutu kuhesabia mwaka mwingine?

Siku ya nne fundi, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa redio, alikuja na carte mère, ule ubao mkubwa unaobeba vyombo vyote vya ndani. Aliung'oa kwenye kompyuta mbovu ya mnunuzi wa dhahabu wa Kamituga. Akaufunga, taa ikawaka, feni ikaimba. Kisha mfumo ukafika nusu ya njia, kioo kikawa bluu, ukakwama. Tukazima, tukawasha: bluu. Mama akaleta maji ya baraka. Fundi akamwomba kwa heshima asiyasogeze karibu.

“Tuformater tu,” akasema fundi. “Tunafuta yote, tunaweka système mupya. Saa moja, inaisha.”

“Na mémoire yangu?” dada akauliza.

“Ile nayo itaenda, maman. Pole.”

Dada akamkamata mkono. “Papa fundi, ukigusa ile touche ya kufuta, hautatoka mu hii nyumba na vidole kumi.”

Hofu ikamfungua akili. Akatueleza kwamba diski bado inadhani iko juu ya ubao wake wa zamani. Inaita vyombo visivyokuwepo, kama mgeni anayebisha hodi na kutaja majina ya wapangaji waliohama. Akaiwasha kwa mode sans échec, yaani kuiamsha polepole bila mizigo, akaanza kufuta majina ya vyombo vya zamani kwenye orodha. Kila jina dada alilisoma kwanza kwa sauti, asije akafutiwa mihogo yake. Kisha wakaiwasha upya. Ikagundua chombo kimoja, ikaomba kuzimwa na kuwashwa tena. Ikagundua kingine, ikaomba tena. Mara kumi na moja! Mama akasema hata wakwe hawasalimiani hivyo.

Saa tisa alasiri ukurasa wa kwanza ukafunguka. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Fundi akainakili kazi yote kwenye disketi mpya, mara mbili. Dada akasoma sura baada ya sura mpaka ya mwisho, na mimi nikamsogelea.

“Yaya,” nikamwita dada, “ni miye. Niliiweka mu gunia ya makala.”

“Nilijuaka.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile asubuhi. Ulikuwa na makala mpaka mu masikio.”

“Sasa juu ya nini haukunigombeza?”

Hakuondoa macho kwenye kioo. “Kompyuta za majirani, waporaji walibeba zote. Yangu iko hapa. Lakini nilikuwa nangoja kwanza ifunguke. Kama mémoire ingepotea, sijui ningekuambia nini.”

Nikalia palepale, mbele ya fundi, bila haya. Dada yangu ana ulimi mkali, na amenisema mara nyingi tangu siku ile. Lakini zile siku nne alizoushikilia ulimi huo, huku kazi yake ya miaka ikining'inia, sijazisahau.