Gemu ya Malimbuko

Harufu ya maharage mapya yakichemka pamoja na ndizi ndiyo iliyotuambia, kule Bugomora, kwamba Krismasi imekaribia. Tuliishia kuinusa tu. Kwetu hakuna aliyeonja mavuno mapya kabla ya babu, mzaa baba, ambaye tangu bibi afariki alikuwa akiishi peke yake upande wa pili wa migomba yetu. Chungu cha kwanza kilikuwa chake, na mama hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, shangazi aliyekuwa akiuza vitenge na sabuni mpakani Murongo alifika siku ileile ya malimbuko, akatupa mimi na kaka yangu kidude cha plastiki cha kijivu, kinachoenea kiganjani, chenye kioo kidogo na vitufe vya manjano. Alikiita gemu. Ukikiwasha kilipiga kimuziki cha haraka, cha kukera kidogo, kisha vipande vya matofali vikaanza kudondoka kutoka juu, nawe uvipange mpaka mstari ujae na kutoweka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kinachotii vidole vyangu namna ile. Sijakaa nacho sawasawa, mama akakichukua, akakiweka kikapuni juu ya jani la mgomba, kando ya chungu cha maharage.

"Wifi, hicho ni cha watoto kuchezea," shangazi alisema huku akicheka.

"Kipya ni kipya," mama akajibu. "Kinaanzia kwa mzee."

Tulidhani babu atakigusa tu na kukirudisha. Tulipompelekea kikapu nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akala maharage yake taratibu, akakigeuzageuza kile kidude, akasema amepokea, akakitia katika mfuko wa koti. Limbuko likishapokelewa haliombwi tena. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na mama hakunibembeleza.

Kuanzia kesho yake mimi na kaka tukawa tunashinda kwa babu. Alituruhusu kucheza, ila gemu haikuvuka kizingiti chake. Aliketi katikati yetu, akisimamia zamu kwa haki ya kuudhi. "Kwa hiyo ukuta ukikamilika unapotea?" aliuliza. "Fundi gani huyo!" Yeye mwenyewe hakuweza kucheza, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, na kila alipojaribu matofali yalirundikana mpaka juu, naye akacheka kuliko sisi. Betri zilipolegea alizianika juani pamoja na kahawa yake. Tukisubiri zipate nguvu, tulimchotea maji, tulimpukuchulia mahindi, na tulisikiliza habari za ng'ombe wake waliokufa zamani, kila mmoja kwa jina lake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nikajipa moyo, nikamwomba aniruhusu niende nayo nyumbani. Nilimweleza kwamba shangazi alitupa sisi, na kwamba yeye haiwezi hata hiyo gemu yenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema. "Hiki kikiondoka, na nyie mtaondoka nacho."

Nilimwona bahili. Nilimchukia kwa siku kadhaa, na siku hizo zote niliendelea kwenda kwake, kwa kuwa gemu ilikuwa huko. Kabla ya Pasaka kioo kilififia, kisha hakikuonyesha kitu tena hata kwa betri mpya. Wakati huo tulikuwa tumeshazoea njia ile, tukaendelea kuipita. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kama alikusudia yote hayo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga, akasema tena kwamba kipya ni kipya.

Leo nina nyumba yenye umeme na wanangu wawili, kila mmoja na simu yake, yenye gemu nyingi kuliko atakazowahi kuzimaliza. Ni watoto wazuri, hawanikosei adabu. Babu alikuwa na kitu cha kutunyima. Mimi sina, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Juzi jioni niliketi karibu na mdogo, nikamuuliza anacheza nini. Akanieleza kwa ufupi, kwa heshima, akanionyesha kioo. Nikaendelea kukaa palepale. Baada ya kitambo akainua macho.

"Mama, kuna kitu ulikuwa unataka?"

Nikasema hapana, nikaenda kuangalia jikoni.