Kiziwi Aliyefungwa Mikono

Wiki iliyopita nilijitolea kupigwa picha ya ubongo chuoni Minneapolis, maana wanataka kujua viziwi na sisi tunaosikia tunaelewaje lugha. Niliambiwa nisifungue mdomo, adhabu kubwa hiyo kwangu. Baba mmoja kiziwi aliyenitangulia aliambiwa asitikise mikono, na kwa majaribio wakamfunga mikanda.

Mkewe, anayesikia, akasogea kando ya kitanda cha mashine ya picha. Yeye huongea kwa mikono na mdomo pamoja, kwa hiyo umbea ulinifikia bila shida.

“Baba watoto, hiyo story ya ndugu yako kuhamia kwetu na watoto sita, mimi nimekataa. Kama unapinga, inua mkono.”

Baba wa watu akachezesha vidole vya miguu.

“Basi umekubali. Jumamosi uta-drive mwenyewe ukamwambie.”

Baba akafumba macho. Mama akabaki na mikono hewani.

“Fungua, sijamaliza.”

Wapi.

Binti wa mashine aliniambia lugha ya mikono na ya mdomo huamsha ubongo karibu sehemu zilezile. Nikamjibu sawa, ila macho yamepewa kope na masikio yamenyimwa. Marehemu mume wangu angetoa ng’ombe wawili apate kope za masikio.