Saa ya Kompyuta ya Mama Kopi

Watu wa mtaa walimwita Mama Kopi, ingawa hakuwa na mtoto. Chumba chake cha mbele kilitazamana na barabara, na kazi yake ilikuwa kuchapa barua na kutoa kopi. Mwanamke wa umri wake haitwi jina kavukavu, basi karatasi zilizotoka mashineni zikiwa na joto ndizo zikahesabiwa kuwa watoto wake. Mwenyewe alicheka tu. Alikuwa mtu wa mawazo ya mbali. Mikono ilichapa hapa, roho ikatembea kwingine, na ukimsalimia ghafla alikutazama kama mtu aliyetolewa usingizini.

Mahali roho ilipotembea tulipajua. Mume wake alikwenda kufanya kazi ng'ambo, upande jua linakotokea, akasema ni kwa muda. Muda huo ukazeeka ukaota mvi. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye alipopata nafasi, na siku hizi ilikuwa ukimpigia wewe akapokea, ushukuru. Nyumbani kila kitu kilimngoja: rangi ya ukuta, mlango wa uani uliolegea, hata chumba kikubwa karibu na soko ambacho mwenye nacho alitaka kumpangisha yeye kabla ya mwingine. Mama Kopi alijibu neno lilelile siku zote, tungoje arudi, tuamue pamoja. Nani angebishana naye?

Ukijaribu kumwambia kwamba mtu huyo hana dalili ya kurudi, alikuonyesha saa. Kompyuta yake ilinunuliwa hukohuko ng'ambo na mume wake, ikaletwa na msafiri, na ile saa iliyokuwa pembeni mwa skrini ilifuata hesabu ya Kiswahili. Simu zetu, saa tatu asubuhi zinaandika tisa, nasi tunageuza kichwani bila hata kufikiri. Kompyuta ya Mama Kopi iliandika tatu. Saa saba mchana iliandika saba. Wateja waliinama, wakalinganisha na simu zao, wakastaajabu.

"Amenisetia mwenyewe," aliwaambia. "Mtu aliyenikumbuka mpaka kwenye saa, atanisahauje?"

Hakuwahi kumuuliza mumewe habari hiyo. Ya nini kuuliza jambo unaloliona kwa macho? Alikuwa na picha yake nzima kichwani: chumba kidogo cha baridi, koti limetundikwa nyuma ya mlango, mume ameinama juu ya kompyuta mpya akirudisha saa polepole ili mkewe asisumbuke kuhesabu. Aliitazama picha hiyo kila mchana wateja walipopungua, jua likilala juu ya rundo la karatasi na printa ikinguruma kidogo kabla ya kunyamaza. Alikuwa na furaha pale, nami siwezi kusema vinginevyo.

Sasa kompyuta yenyewe ikaanza kuchoka. Ukiiwasha asubuhi, ulikuwa na wakati wa kufagia, kupangusa meza na kusengenya kidogo kabla haijakuonyesha chochote. Siku moja mteja alichukua karatasi yake akaenda kuchapisha kwingine, na wifi yake Mama Kopi alikuwapo akaona.

Wifi huyu, dada wa mume, alikuwa msusi mwenye saluni mtaa wa pili, mwanamke wa maneno mengi asiyepita siku mbili bila kuja, gauni limejaa vinywele vya wateja. Kompyuta kuukuu ya saluni, ile ya muziki na picha za mitindo, ilikuwa imefufuliwa kwa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na tangu hapo alikuwa akiihubiri hata kwa wanawake waliokaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambao masikini hawakuwa na pa kukimbilia.

"Wifi, mashine yako haijafa," alisema. "Huo mfumo uliomo ndani ndio mzito. Tuutoe, tuweke Linux."

"Ngoja kwanza nimuulize kaka yako."

"Hata kufagia utamuuliza?"

"Na saa yangu je?"

"Kompyuta gani isiyo na saa, jamani?"

Akaja na flashi tatu kwenye pochi, pamoja na chanuo. Alieleza kwamba Linux ni ukoo, una watoto wengi, kila mtoto na sura yake na tabia zake, na kwamba mtu mwenye akili hachukui yeyote kabla ya kumjaribu. Unachomeka flashi, unawasha, mfumo mpya unakuja juu ya skrini na ule wa zamani unabaki umelala chini yake bila kuguswa. Ukizima, yote uliyofanya yanayeyuka.

"Kama ndoto," alisema Mama Kopi.

"Ndoto ya kuchagua mwenyewe, wifi. Utaipata wapi tena?"

Wa kwanza alikuwa na madoido tele, madirisha yakifunguka kwa kurukaruka. Mama Kopi alisema huyu atamchosha macho. Wa pili alifungua skrini nyeusi yenye maandishi meupe, akangoja aamriwe. Walimtazama, naye akawatazama. "Huyu ni mume wa mtu mwingine," alisema wifi, akachomoa flashi. Wa tatu aliitwa Mint, mtulivu, rangi yake kama majani baada ya mvua, kila kitu mahali ambapo mkono ulikwenda wenyewe. Printa ikamkubali bila ugomvi.

Mama Kopi akakaa na huyo wa tatu wiki nzima bila kumweka. Alichapa, akazima, kesho akaanza upya, na kila asubuhi alikuta meza safi ya mtu asiye na jana. Aliipenda hali ile kuliko alivyosema. Na saa, kwa kuwa hawakuwa wameunganisha intaneti, ilibaki vilevile, tatu kwa saa tatu. Aliona ni baraka ya mume juu ya jambo lile, akamwambia wifi waje wamweke moja kwa moja.

Walimweka siku ambayo saluni hufungwa, asubuhi. Barua za wateja zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye flashi nyingine. Wifi aliunganisha intaneti ya simu yake, mashine ikauliza lugha, ikauliza kibodi, kisha ikafungua ramani ya dunia, ikataka kujua wako wapi. Ukigusa mahali, kilitokea kibandiko chenye jina la mji na saa yake.

"Hebu tumwone kaka anafanya nini saa hizi," alisema wifi kwa utani, akapeleka mausi mbali, upande jua linakotokea, akagusa.

Kibandiko kiliandika mji wa mume, na chini yake, tatu na dakika ishirini.

Mama Kopi alikitazama. Halafu akatazama simu ya wifi iliyokuwa mezani, nayo iliandika tisa na dakika ishirini. Akachukua mausi mwenyewe akaugusa mji wao. Tisa na dakika ishirini. Akarudi kule. Tatu. Alikwenda na kurudi hivyo mara kadhaa, taratibu.

Saa ile haikuwa ya Kiswahili. Ilikuwa saa ya huko, alasiri ya huko wanakotutangulia kwa saa sita, imetoka nayo dukani, ikaangukia hesabu yetu kwa bahati tu.

"Labda alijua," alisema wifi. "Labda ndiyo maana hakuigusa."

Mama Kopi alichukua simu yake akapiga. Iliita sana, kisha ikapokelewa kwenye kelele za kazini.

"Ile kompyuta uliyoniletea," alisema, "ile saa yake. Uliirekebisha kabla ya kuituma?"

"Saa gani?"

"Ya kompyuta."

"Mimi sikugusa kitu. Niliitoa dukani nikampa yule jamaa ikiwa ndani ya boksi. Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi vizuri. Niko kazini, tutaongea."

"Haya. Kazi njema," alisema, akaweka simu chini.

Iliuma. Iliuma kuliko kama angesikia kuna mwanamke mwingine, maana huyo angekuwa mtu wa kumchukia. Hapa palikuwa na boksi lililofungwa tu. Kile chumba cha baridi, koti nyuma ya mlango, mume aliyeinama, vyote alivijenga yeye mwenyewe, akaishi humo miaka, na mwenye kushukuriwa hakuwahi kuingia. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Ramani ilikuwa bado inangoja. Akagusa mji wao, akabonyeza kuendelea. Mashine ikauliza kama ana hakika ifute kila kilichokuwamo, akasema ndiyo. Mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa chini ya skrini.

"Hukumuuliza atarudi lini," alisema wifi.

"Sikumuuliza."

"Kila ukimpata unamuuliza."

"Sitamuuliza tena. Kesho naenda kumwambia mwenye kile chumba cha sokoni kwamba nakichukua."

Wifi alikaa akichezea chanuo mkononi. Nje gari lilipita, madirisha yakatetema kidogo, yakatulia. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ndogo.

"Na mimi je? Ukimwacha kaka, mimi nitakuwa nani wako?"

Mama Kopi aligeuka akamtazama, yule mwanamke aliyeingia kwa mlango ule kila baada ya siku mbili, miaka yote hiyo, yeye akitazama juu ya bega lake kuona kama kuna mtu mwingine anakuja nyuma. Akanyoosha mkono, akamtoa unywele wa mteja begani.

"Sogeza kiti, wifi," alisema. "Inauliza kitu hapa."