Nilimshusha mjukuu wangu kwenye cheerleading mbele ya wenzake

Wakuu, habari zenu. Naandika kutoka Rau, Moshi. Mimi ni mzee, simu inanisumbua kuandika, mnivumilie. Sitaongeza chumvi, maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mjukuu wangu Aikande naishi naye. Yuko kidato cha tatu. Alikuwa anaongoza kikundi cha cheerleading shuleni, mabinti kumi wanaoruka na kuimba kushangilia timu yao.

Siku moja nikitoka kupeleka maziwa, nikapita uwanjani. Nikamkuta amesimama juu ya mabega ya wenzake, sketi fupi, anapaza sauti.

Niliingia katikati ya uwanja na mabuti yangu ya shambani.

"Shuka! Nimekuleta shule uje kukata viuno?"

Alishuka.

Tangu hapo ikawa shikamoo, chakula mezani, basi. Mimi nikajisifu kwamba nimelea. (Wazee wenzangu, huo ulikuwa ujinga.)

Wiki kadhaa zikapita. Manka, binti wa jirani, akaja kuomba majani ya ng'ombe. Ana miaka kumi, mguu mmoja mfupi.

"Shikamoo babu. Dada Aikande anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi. Kwani vipi?"

"Haji tena uwanjani. Nikitoka shule ya msingi napita kwao, alikuwa ananiweka mbele, mimi ndiye naanzisha wimbo. Alisema hapa tunatumia mdomo, miguu ni ya ziada!" Akacheka peke yake. Kisha akainama. "Sasa watoto njiani wameanza tena kuniita kilema."

Nikamfungia majani yake, akaondoka.

Kwetu Uchagani, anayekuletea jani la isale (tunalipanda hata makaburini) anakuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito. Ila babu kumpelekea mjukuu, mimi sijawahi kuona. Nilikata moja, nikamkuta Aikande anaosha vyombo.

"Babu, hilo la nini? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuletea wewe."

Akaacha sufuria. "Watu wakisikia watakucheka."

"Wacheke. Nilikuaibisha, mjukuu wangu."

Alilipokea kwa mikono miwili yenye povu, akalia. Nami nikalia.

Halafu akafuta macho. "Nimekusamehe. Lakini ulinisema mbele yao. Kawaambie wao pia."

Wakuu, nilienda naye uwanjani. Nilisimama mbele ya wale mabinti na mwalimu wao, nikasema, "Nilikosea. Naomba mwenzenu arudi."

Manka, aliyekuwa nao, akanifokea: "Babu, si upige makofi basi!"

Nikapiga. Wakapiga wote. Aikande akapanda tena mabegani.

Nilichojifunza: mimi niliona sketi na kelele. Mtoto anayechekwa njiani aliona dada mkubwa wa kumfuata. Nusura nimnyang'anye.

Wazee wenzangu, yupo mtoto mliyemshusha hivi? Mlirekebishaje? Na vijana, nisemeni tu, nasoma yote.