Mafungu Kumi na Mizani ya Felix

Hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza mimi. Nimewahi kununua ng'ombe aliyepakwa rangi ya viatu ili kovu lisionekane. Nimewahi kuuziwa fahali aliyenyweshwa maji ya chumvi asubuhi, ndoo tatu, ili tumbo lidanganye macho. Niliacha shule darasa la saba, na leo nina zizi la mabati pale juu ya Kisian, mafahali kumi na wanne wanakula kwenye hori la saruji nililojenga kwa mikono hii yangu, na watu wenye digrii mbili wananipigia simu kuulizia nyama. Kwa hivyo nikisema Krismasi iliyopita nilikasirika, wewe wa rika langu ujue halikuwa jambo dogo. Lakini ili unielewe, lazima kwanza nikurudishe kule tulikotoka.

Sisi tuliokua kando ya ziwa kabla simu haijaingia mfukoni, mchezo wetu wa kwanza ulikuwa ng'ombe. Tulichimba udongo mweusi pale ufuoni, tukafinyanga mafahali wenye nundu na pembe za miiba, tukawaanika juu ya mwamba. Ng'ombe wako akipasuka kabla ya kukauka, uliimbiwa siku nzima kwamba huna mkono wa mifugo na hutapata mke. Wangu hawakupasuka. Sijisifu, nasema ukweli. Shuleni mwalimu alinichapa kwa sababu nilinuka zizi, akanikalisha peke yangu karibu na dirisha. Leo mtoto wa mwalimu huyo ananunua nyama kwangu, tena anaomba apunguziwe.

Kila mwaka baada ya mavuno, nyumba sita za kijiji chetu zilichanga pamoja zikanunua fahali mmoja mkondefu, mbavu zote nje kama mabua ya paa. Kazi ya kumnenepesha ilikuwa ya baba yangu, na kazi ya baba ilikuwa yetu watoto. Nakumbuka mmoja tuliyemwita Rateng' kwa vile alikuwa mweusi tii. Tulimlisha majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi tuliyoyakata vipande kwa panga. Jioni nyanya alimletea machicha ya pombe ya busaa, na Rateng' akishamaliza beseni lake alisimama akitabasamu, ndiyo, ng'ombe hutabasamu, kisha akaegemea ghala akalala kama mlevi wa kawaida. Harufu yake naisikia mpaka leo: tamu, chachu kidogo, yenye joto.

Baba hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na vidole viwili. Alishika ngozi pale kwenye shina la mkia, akabonyeza, akafumba macho. Siku moja alisema, "Bado anadanganya." Wiki tatu baadaye alibonyeza tena akasema, "Sasa anasema kweli." Hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi. Vijana wa siku hizi wanafuga ng'ombe kwa kutazama video, halafu wananipigia simu wakilia, "Mzee, mbona huyu hanenepi?" Atanenepaje, na wewe unamlisha maneno?

Siku yenyewe ikifika, ulikuwa unaona moshi umetanda kijijini tangu alfajiri. Sisi watoto tulipewa bandama, tukaichoma kwenye makaa, tukala nusu mbichi na majivu yake, tukalamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Wanaume walikata nyama juu ya majani ya migomba, mafungu sita, kila fungu na mfupa wake, ini lake, utumbo wake. Hapakuwa na mizani. Halafu ikaja ile desturi ambayo wewe msomaji wangu unaijua kama jina lako. Jaduong' mmoja, mzee wa kijiji, alikaa kwenye kigoda akiyapa mafungu mgongo. Baba alielekeza ncha ya kisu kwenye fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Mzee, bila kugeuka, alitaja jina la nyumba. Limeisha. Hakuna rufaa.

Kati ya nyumba zile sita, moja ilikuwa ya mjane mwenye watoto wengi. Alichanga kama wengine, kwa kuku na mayai, kidogo kidogo. Na kila mwaka, kwa bahati ya Mungu, fungu lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Mimi nilikuwa mtoto mwenye macho. Mwaka mmoja nikaona: kabla ya kuelekeza kisu kwenye fungu lile kubwa, baba alikipitisha kwenye jiwe la kunolea mara moja tu, kwaruu, kisha ndipo akauliza, "Hili la nani?" Na mzee aliyetupa mgongo akataja jina la mjane.

Nilimfuata baba nyuma ya nyumba nikamwambia nimeona. Hakunichapa. Alisema, "Ukimpa mtu mbele ya watu, umemnyang'anya. Nenda ukanawe." Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na ndevu, nilimsimulia siri hiyo mmoja wa wale wazee. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kijana, ulifikiri sisi ni viziwi?"

Kumbe wote walijua. Kila mwaka walisikia kisu, wakatazama kando, wakabeba fungu lao dogo wakaenda nyumbani wakisifu bahati ya mjane.

Basi, nilipoanza biashara yangu, nilikataa madalali. Dalali ni mtu anayekula ng'ombe ambaye hakumlisha. Nanunua fahali mkondefu, namlisha miezi minne: nyasi za nepia, molasi kutoka viwanda vya sukari, mashudu ya pamba. Wateja wangu wanamjua ng'ombe wao angali hai, wanakuja na watoto wao kumpiga picha. Anachinjwa kichinjioni, daktari wa mifugo anagonga muhuri wake, na nyama inarudi kwangu Kisian tuigawe. Familia kumi, kila moja shilingi elfu kumi na mbili na mia tano. Na mimi, kwa kuwa ni mtoto wa baba yangu, nikaigawa kwa mafungu, kwa mgongo. Miaka mitatu wateja walipenda sana. Walisema inawakumbusha nyumbani.

Mmoja wa wale kumi ni mama mjane wa Manyatta anayeuza uji na mandazi asubuhi. Nimwite Mama Rispa, kwa vile jina lake halisi halikuhusu, na ukimtambua, fanya kama wale wazee. Analea wajukuu wanne. Alilipa fungu lake kuanzia mwezi wa pili, mia mbili leo, mia tatu kesho, hakuomba punguzo hata siku moja. Ningemwambia, "Mama, nikuongezee kilo mbili," angenirudishia pesa zangu na uji wa moto usoni.

Krismasi iliyopita tulikuwa chini ya mabati yangu, asubuhi na mapema, mafungu kumi kwenye majani. Aliyekaa akitupa mgongo alikuwa binamu yangu Odhiambo, muuza matairi wa Mamboleo, tuliyekua naye boma moja. Nilielekeza kisu, akataja majina. Lilipofika fungu la saba nikanoa kisu mara moja. "Hili la nani?" Odhiambo akasema, "La Mama Rispa." Watu wakapiga makofi, wakamtania mama kwamba mwaka huu Mungu amempenda.

Hapo ndipo kijana mmoja, Felix, mteja mpya anayefanya kazi ya ofisi mjini, alienda kwenye buti ya gari akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya ndege.

"Mzee, samahani kidogo. Tupime."

"Tupime nini, Felix? Nyama imeshapata wenyewe."

"Ni kuhakikisha tu. Hakuna ubaya."

"Omera," Odhiambo akamwambia, "hapa si uwanja wa ndege."

Watu wakacheka, lakini Felix alikuwa tayari ameuning'iniza mfuko wake. Kilo kumi na nane na nukta sita. Jirani yake naye akaleta wake: kumi na tisa na nukta mbili. Wakaja mmoja mmoja, watu wazima, watu wenye magari, wamepanga foleni na mifuko yao kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Tofauti zilikuwa ndogo ndogo. Halafu Mama Rispa, ambaye hakujua lolote, akabeba mfuko wake mwenyewe akasema, "Pimeni na wangu, mimi siogopi mashini."

Ishirini na mbili na nukta tatu.

Felix alisoma namba hiyo kwa sauti kama anatangaza matokeo ya mtihani. Kisha akanigeukia. "Mzee, umeuliza mara kumi na umenoa kisu mara moja. Mimi niko na masikio."

Ana masikio! Wale wazee nao walikuwa nayo.

"Kwani huyu mama ni nani wako?" mwanamke mmoja akauliza, na mwanamume nyuma yake akajibu kabla yangu, "Labda ni nyumba ndogo ya Manyatta." Wengine wakacheka. Mama wa miaka sitini na zaidi, aliyelipa shilingi yake ya mwisho kwa sarafu, akasimama pale na mfuko mkononi, uso umemshuka, hajui auweke chini au aendelee kuushika.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. La kwanza: "Ni mjane, analea yatima, muoneeni haya." Lingenisafisha mara moja. Felix mwenyewe angeomba msamaha, pengine angemkatia kipande kutoka fungu lake huku wengine wakipiga picha. Na Mama Rispa asingekanyaga kwangu tena, wala asingeweza kuwauzia uji watu wanaomjua kama maskini wa Krismasi. Nilimwangalia, nikakumbuka mtu akinituma nikanawe mikono. Nikachukua neno la pili.

"Nimekata vibaya," nikasema. "Nimezeeka, mkono umepinda. Kila mtu atalipwa kilo zake mpaka afikie lile fungu kubwa."

"Kwa hiyo unakubali ilikuwa wizi?" Felix akauliza.

"Andika unavyotaka."

Na aliandika. Kabla hajafika barabara ya Busia, grupu letu la simu lilikuwa limejaa. "Refandi lini?" "Alikuwa anatuibia miaka mitatu yote?" Mimi! Mimi ambaye sijawahi kumnywesha ng'ombe maji ya chumvi, ambaye namrudishia mteja mpaka kwato akizitaka! Watu ambao hawajui ng'ombe analala ubavu gani wananifundisha uaminifu kwa kidole gumba.

Kosa langu nalikubali, nalo ni moja, silirudii mara mbili: wale wazee walikuwa wamekubali, kimya kimya, kila mwaka. Hawa tisa hawakukubali kitu. Nilitoa kwenye mifuko yao nikadhani bado niko kijijini kwetu. Ningetoa kwa nyama yangu mwenyewe. Sawa. Lakini yale matusi kwa yule mama, hayo hayana mizani.

Siku ya pili yake Mama Rispa alikuja kwa bodaboda, amebeba karatasi ya nailoni iliyofungwa vizuri.

"Baba Awuor, shika hizi kilo tatu. Sitaki watu waseme."

"Mama, nyama ikishatoka kwenye jani hairudi kwenye jani. Ulitajwa jina, ni bahati yako."

"Ulinoa kisu?"

"Kisu kilikuwa butu."

Aliniangalia vile mama yako anakuangalia ukisema hujaonja sukari. "Mwanamume mwongo wewe," akasema. Akapanda tena kwenye bodaboda na karatasi yake mapajani, na sikumwona akigeuka nyuma.

Siku hizi nyama yangu inakatwa kwa msumeno wa umeme na kupimwa kipande kwa kipande. Inatiwa kwenye pakiti yenye karatasi ya namba, na kila mteja anasaini. Wanakuja mmoja mmoja, kioo cha gari kikishuka kidogo tu, pakiti inaingia, kioo kinapanda. Hakuna mtoto anayeshuka kutafuta bandama. Hakuna anayemjua wa fungu la pili ni nani, ana watoto wangapi, amekula nini jana. Zamani tuligawana ng'ombe mmoja, na kila nyumba ilijua njaa ya nyumba nyingine bila kuitaja. Leo kila mtu ana kilo zake kamili, gramu haipungui, na wakipishana getini kwangu hawasalimiani. Mama Rispa hajachangia tena.

Nililipa wote tisa, kwa simu, siku ile ile ya mizani. Kilo ishirini na tisa zilizopungua, kwa bei ya buchari ya shilingi mia sita na hamsini, na ada ya kutuma shilingi thelathini na tatu mara tisa. Kuishi kama baba yangu kwa asubuhi moja kulinigharimu shilingi elfu kumi na tisa, mia moja arobaini na saba.