Kondoo wa Kwenye Simu

Programu ya hesabu niliipakua kwenye simu yangu likizo ilipoanza, binti yangu akiwa Gredi ya Pili. Mimi mwenyewe niliacha shule kidato cha pili. Hesabu ninazozijua zaidi ya hapo nilijifunza ukubwani, kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua sokoni hapa Embu, nikimaliza kila zoezi kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Kwa hiyo niliupenda mpangilio wa programu ile: hupandi ngazi mpaka umepata maswali yote ya ngazi uliyopo, na ukikosa unarudishwa mwanzo.

Binti yangu alipanda mbili bila shida. Ya tatu, kujumlisha kwa picha, ikamkwamisha wiki nzima. Sikuelewa, maana mayai ya kuku wetu huyahesabu yeye, na hakosei.

Jioni moja aliilaza simu mezani, kioo kikitazama chini.

“Mama, mimi si mtu wa hesabu.”

“Nani amekuambia?”

“Simu. Kila siku inanirudisha. Sitaki tena.”

Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wazima wengi, na sijaona aliyeyasema akabadili mawazo. Sikutaka yamshike akiwa na miaka minane.

Nikamwomba ajaribu mara moja tu, nami nikae kando bila kumwelekeza. Maembe, akapata. Vikombe, akapata. Magari, akapata. Kisha wakatokea kondoo, watano upande huu wa ua na wanne upande ule, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kiingereza jumla yao ni wangapi. Akawatupia jicho, akabonyeza nane. Simu ikatoa mlio wake wa kusikitika. Baadaye wakaja watoto waliopanda basi, sita na wengine wanne. Akabonyeza tisa.

Asiyejua hukosea huku na huku. Kosa hili lilirudi palepale kila mara: pungufu ya mmoja, na kwa vyenye uhai pekee.

“Hawa kondoo walikuwa wangapi?” nikamuuliza.

Akatazama mlango wa jikoni, ambako mama yangu alikuwa akichambua maharagwe. Mama, ambaye binti yangu humwita Cucu, anaishi Gachoka; alikuwa amekuja kukaa nasi kwa sababu ya kliniki ya macho.

“Cucu alisema wanyama hawahesabiwi,” akaninong’oneza. “Hata watoto. Ukiwahesabu, mmoja anakufa.”

“Kwa hiyo ulijua ni tisa?”

“Si najua. Nilifikiri simu inataka kuona kama niko na adabu, nikaacha mmoja.”

Sikucheka. Nimelelewa na mwiko huohuo. Mpaka leo mtu akiniuliza nina watoto wangapi, hujibu kwamba wapo, Mungu amesaidia. Ningeweza kumwambia mtoto kwamba hayo ni mambo ya zamani, lakini hapo ningekuwa nimemwambia achague kati ya simu na nyanya yake. Zaidi ya hayo, lilinijia swali ambalo sikuwahi kuliuliza maishani. Nikaenda jikoni.

“Mama, mbuzi wako wakirudi jioni, unajuaje kama wako wote?”

“Unauliza kama mwizi.”

“Nauliza kama mtoto wako.”

“Kila mbuzi ana kamba yake,” akasema, vidole vikiendelea kutoa mawe. “Nikimaliza kufunga na kamba imebaki mkononi, natoka kwenda kutafuta.”

“Na hizo kamba, mtu anaweza kuzihesabu?”

“Kamba ina roho? Hesabu mpaka uchoke.”

Kitabu cha kwanza nilichonunua kilianza na jambo hilohilo: kulinganisha kitu kimoja na kingine, kimoja kwa kimoja, kabla ya kutaja namba yoyote. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara mbili nikijiuliza ni nani duniani anayehitaji kuelezwa hivyo. Kumbe nilikuwa nimeshika zile kamba nikiwa msichana, na sikuwahi kuziunganisha na kitabu.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Hakuniomba mimi ruhusa.

“Cucu, na maharagwe?”

“Maharagwe pia haina roho,” mama akasema.

Akachota konzi kwenye ungo, akarudi mezani. Kondoo walipotokea tena, aliweka haragwe moja pembeni ya simu kwa kila kondoo, midomo imefungwa. Kisha akaacha kuwatazama kondoo, akahesabu maharagwe kwa sauti. Tisa. Simu ikaimba. Watoto wa basi wakapata maharagwe yao, yakawa kumi, na ngazi ya nne ikafunguka: kuku na vifaranga, uwanja umejaa.

Nilidhani ataomba kupumzika. Alinyoosha tu mkono kuelekea jikoni, macho kwenye kioo.

“Cucu, ongeza.”

“Hiyo simu itatumalizia maharagwe ya githeri,” mama akasema, akainuka na ungo wote.